Shaba Katika Nchi ya Dhahabu

Kwenye ukanda wa dhahabu, shaba ina jina baya. Itaje mbele ya mnunuzi wa Katoro au Nyarugusu, naye ataanza kukusimulia matapeli aliowahi kukutana nao. Kila sonara kuanzia Kahama hadi Geita anaijua habari ya unga wa njano uliokwanguliwa kwa tupa, ukafungwa kwenye kikaratasi, ukaletwa jioni duka likifungwa na mtu mwenye haraka ambaye siku zote ana mgonjwa hospitalini. Tone la asidi ya naitriki likiudondokea, unga unachemka, povu linageuka kijani, moshi wa kahawia unapanda, na mwenye mgonjwa ameshatoweka. Ile kauli kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu, kwingine ni nasaha ya bibi kwa mjukuu. Huku ni maelezo ya mlalamikaji mbele ya dawati la polisi.

Mimi naitetea shaba. Siyo ile ya kwenye kikaratasi. Natetea ile iliyokaa mahali pake, kwenye mpini wa kisu cha kukunja, na natetea zaidi mikono inayoing'arisha. Dhahabu haina shida na binadamu. Miamba ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na dhahabu iliyomo, ukiitoa leo ukaiosha kwa maji, iko vilevile. Haikupata doa, wala haikumsubiri mtu. Shaba ya njano, ambayo ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, haiwezi kujigamba hivyo. Hewa inaifubaza, jasho linaifubaza, unyevu wa mvua unaifubaza, na kabla mwaka haujaisha imekuwa kahawia, kisha nyeusi, na kwenye vipenyo imetoa kutu ya kijani. Mng'ao wake ni kazi ya mtu, na kazi hiyo haimaliziki. Hapo ndipo heshima yangu kwake inapoanzia.

Kwanza kisu chenyewe. Mchungaji wa Kishapu anayetoa mwiba kwenye kwato, mchimbaji wa Rwamgasa anayekata kamba ya ndoo, fundi umeme anayemenya waya, mzee anayemenya chungwa ndani ya basi linalotoka Isaka: ukiwapekua mifuko utakuta kisu cha kukunja, na vingi kati ya visu hivyo, hasa vya zamani, vina shaba mahali fulani. Kuna vichwa vya shaba kwenye ncha za mpini. Kuna vibati vyembamba vya shaba ndani, kati ya mpini na bapa. Kuna ribiti zinazoshika vyote pamoja. Waliotengeneza hawakuiweka kwa urembo tu. Chuma kikisuguana na chuma huumana, na kikipata unyevu hushikana kwa kutu mpaka kisu kikatae kufunguka. Shaba ikiwekwa katikati, bapa linateleza. Tena shaba ni laini kiasi kwamba ribiti yake inaweza kugongwa kwa nyundo ndogo ikatanuka na kujaza tundu bila kupasua pembe ya ng'ombe au mpingo wa mpini. Kisu kizuri kimejengwa juu ya ulaini huo, ingawa sifa zote huenda kwa makali.

Okapi, mojawapo ya visu vinavyojulikana zaidi Afrika, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani, nchi yetu ikiwa mojawapo. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtangaza mnyama okapi wa misitu ya Kongo, na huenda mfanyabiashara fulani aliona jina linauzika. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini, na bado mpini wake wa mbao umepachikwa nyota na mwezi mwandamo. Kina sifa zake za vilabuni ambazo si nzuri. Lakini kisu hakichagui mfuko.

Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya hukaa karibu na soko, Shinyanga mjini. Ana baiskeli iliyosimama kwa stendi, jiwe la kunolea likiwa limefungwa juu ya fremu na kuzungushwa kwa pedeli. Kinachomlisha ni kunoa: visu vya mama ntilie, mapanga, mikasi ya mafundi cherehani. Kung'arisha shaba ni kazi ya pembeni, ya saa za jua kali wateja wanapopungua, na huifanya akiwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, gunia mapajani. Alijifunzia jeshini, enzi ambazo askari aliyekwenda gwaride na bizimu iliyofubaa alijuta siku nzima, na hadi leo hulitamka jina la Brasso kwa heshima anayoweza kumpa kamanda. Kopo lile lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1905, likafuatana na majeshi na bendi za himaya yao kila zilikokwenda. Yeye analo, limeegemea gurudumu la baiskeli. Ila kwa visu haanzi nalo. Anaanza na ukwaju.

Kabla ya ukwaju kuna mambo ambayo mtu asiye na subira huyaruka. Kisu hufunguliwa, kikatikiswa, na kijiti chembamba kikapitishwa kwenye mfereji ambamo bapa hulala. Kinachotoka humo ni historia fupi ya mwenye kisu: nyuzi za mfuko, tumbaku, chembe za embe lililokauka, na kwa watu wa machimboni, vumbi la kijivu la karasha ambalo ni jiwe lililosagwa. Vumbi hilo lisipotolewa lote, kila utakachosugua baadaye utakuwa unasugua na mawe, na shaba itatoka na mikwaruzo ambayo haikuwa nayo. Kisha grisi kidogo hupakwa kwenye bapa, kwa sababu chuma cha kisu kikiguswa na ukali wa ukwaju huingia weusi mara moja. Mpini nao hulindwa usilowe. Pembe ikinywa maji huvimba, ikikauka hujikunja, na ribiti zinabaki zikining'inia.

Ukwaju, bushishi kwa Wasukuma, kila nyumba inaujua kwa uji. Fundi huulowesha kwa maji kidogo sana mpaka uwe uji mzito, akaupaka juu ya shaba kwa kidole, hapo tu penye shaba. Asidi yake huyeyusha lile tabaka la kahawia, na ukitazama kwa makini unaona rangi ikihama, kwanza kwenye kingo, kisha katikati. Limao na chumvi hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo asiyoitaka. Shaba ikikaa mno ndani ya asidi, zinki ya juu hutangulia kutoka, na kinachobaki usoni ni shaba nyekundu tupu. Mtu aliyelowesha kisu kwenye siki akaenda kulala huamka na kitu chenye rangi ya waridi iliyochujuka, akadhani ameuziwa kisu bandia. Hajauziwa. Amekivua rangi yake mwenyewe, na itabidi asugue sana kuirudisha. Kwa hiyo fundi haondoki. Macho hayabanduki kwenye shaba, na rangi ikishageuka tu anaifuta kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, kisha kingine kikavu.

Halafu jivu. Siyo la mkaa wa kununua lenye chembe. Ni jivu la kuni, lililochekechwa kwa kipande cha kanga kilichochakaa mpaka likawa laini kuliko unga wa muhogo. Linachanganywa na tone la mafuta ya kupikia, na sasa ndipo kusugua kunapoanza. Kidole gumba, kitambaa, jivu. Anasugua kwa kufuata urefu wa kisu, kwenda na kurudi, mikwaruzo midogo isiyokwepeka ilale upande mmoja. Anayesugua kwa kuzungusha huacha mawingu, na mawingu hayo huonekana siku jua linapopiga.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee wangu, mbona hutumii msasa? Si ungemaliza mara moja?"

"Mwanangu, msasa hausafishi," alinijibu bila kuinua macho. "Msasa unakula."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi kichwani, na nadhani inahusu zaidi ya visu. Kila kung'arisha ni kula kidogo. Mwaka 1947 kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5. Ikawa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, ikakatwa na kung'arishwa London, na ilipomalizika ilikuwa na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe lililotoka kwenye udongo wa Shinyanga liliondoka ili nusu nyingine imeremete. Kwa almasi watu wamekubaliana kwamba hiyo ni bei halali. Kwa kisu cha babu yako siyo halali hata kidogo. Vichwa vya shaba vya kisu kilichopigwa msasa kila Krismasi huisha pembe zake, vikawa mviringo, na ribiti iliyokuwa sawa na mpini inazama ndani ya shimo. Anayejua kazi hupima mafanikio yake kwa kile alichokiacha.

Kuna jambo moja linalowachanganya wanaoanza. Ukisugua shaba, kitambaa huwa cheusi. Unageuza upande safi, nao unakuwa mweusi. Unachukua kingine, vilevile. Mwanafunzi anaamini uchafu bado upo, anaongeza nguvu. Kumbe weusi ule, baada ya dakika za kwanza, si uchafu tena. Ni shaba yenyewe iliyosagika na kuchanganyika na mafuta. Kitambaa hakitatoka cheupe kamwe. Atakayengoja kitoke cheupe atamaliza kisu. Dalili ya kuacha haiko kwenye kitambaa, iko kwenye shaba: pale kivuli cha kidole chako kinapoonekana ndani yake kikiwa na ukingo. Brasso huja sasa, kiasi cha kulowanisha ncha ya kitambaa tu, ikiachwa ikauke iwe ukungu mweupe, kisha ikafutwa yote, hadi kwenye maungio, kwa sababu nitakayoieleza. Mwisho nta ya nyuki, ya Tabora ikipatikana, iliyopashwa joto kati ya viganja, ikapakwa nyembamba sana, ikasuguliwa kwa kipande cha mkanda wa ngozi wa zamani.

Watu hudhani mapenzi ya shaba ni mambo ya pwani: milango ya Unguja yenye miiba ya shaba, dele la muuza kahawa, siwa ya shaba ya Lamu. Ni kweli pwani imeitunza vizuri. Lakini bara nako shaba ilifika mapema, mabegani mwa watu. Upande wa Geita na Biharamulo walikuwako Warongo, wayeyushaji chuma ambao majembe yao yalinunuliwa Usukuma; kwa hiyo wenyeji hawakuwa wageni wa kazi ya madini misafara ilipoanza kupanda kutoka Bagamoyo na mizigo ya nguo, shanga na waya wa shaba. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na waya ulikuwa mzigo mchungu, mizunguko mizito ya kuning'iniza kwenye mti wa begani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akijiandaa Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua frasila 10 za waya, yaani karibu kilo 160. Baadaye aliandika kwamba katika biashara ya bara shanga zilishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya, kwa nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ulihesabiwa kuwa dhahabu.

Fikiria hilo. Waya wa shaba ulihesabiwa kuwa dhahabu, na wapagazi walioubeba walipita Unyanyembe, kusini tu mwa ardhi yenye dhahabu ya kweli, ambayo misafara haikuwa na habari nayo. Waya ukifika, ulikunjwa kuwa vitindi, ukavutwa ukawa mwembamba, ukazungushiwa kwenye mipini ya mikuki na ya visu. Kitindi hakikuhitaji fundi wa kukisugua. Mkono uliokivaa, ukilima, ukitwanga, ukicheza ngoma, uliking'arisha wenyewe.

Tabora ina kisa kingine, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wa Afrika Mashariki walizuiwa baharini na Waingereza, sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916 wakaanza kugonga zao pale Tabora, wakizitia herufi T. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke waligonga sarafu za rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake, zaidi kidogo ya 16,000. Na kwa shaba waligonga heleri 5 na heleri 20 za watu wa kawaida; wakusanyaji husimulia kwamba sehemu ya shaba hiyo ilitoka kwenye maganda ya mizinga ya meli ya kivita Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji mwaka 1915. Mji mmoja, mwaka mmoja, dhahabu na shaba zikitoka na herufi ileile. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora na shughuli ikaisha. Sarafu za tembo leo ni mali ya matajiri wa minada. Zile za heleri ndizo zilizopita sokoni, zikanunua chumvi na viberiti, zikaloa jasho la watu.

Ukibahatika kukuta heleri ya Tabora kwenye sanduku la bibi, imefubaa imekuwa rangi ya udongo, usiipeleke kwa fundi wangu. Au ipeleke, maana atakukatalia. Mkusanyaji yeyote atakuambia kwamba sarafu iliyong'arishwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwani lile tabaka la kahawia ndilo ushahidi wa umri wake, na chini yake ndimo yamo maandishi ambayo kitambaa kitayapunguza. Kisu ni tofauti kwa kuwa kisu bado kiko kazini. Shaba iliyokomaa rangi ya asali haimdhuru mtu na wapo wanaoipenda hivyo. Mimi mwenyewe naipenda. Kutu ya kijani ndiyo haina hoja ya kuiacha. Hiyo inakula, inachafua mfuko, na kwenye kisu cha kumenyea matunda haina nafasi.

Kijani hicho mara nyingi hutokana na ala. Mtu ananunua ala nzuri ya ngozi, anakitia kisu humo, anakihifadhi kabatini kwa nia njema kabisa. Ngozi ina mafuta yake na dawa zake za kutengenezea, inashika unyevu, na baada ya miezi shaba imetoa utandu wa kijani unaonata. Kisu kikae ndani ya kitambaa kikavu. Ala ni ya safari. Kabatini ni adui wa kwanza wa shaba.

Adui wa pili ni zizi, na hapa Usukuma, nchi ya ng'ombe, si adui mdogo. Jeshi la Waingereza nchini India liligundua kwamba maganda ya risasi, nayo ya shaba ya njano, yalipasuka yenyewe wakati wa mvua yakiwa ghalani. Maghala hayo yalikuwa mazizi ya farasi. Haikuelezeka vizuri mpaka mwaka 1921: amonia inayotokana na mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba iliyokunjwa au kugongwa ikiwa baridi, hupenya kwenye mikazo iliyobaki ndani ya madini na kuyapasua. Ribiti ya kisu ni shaba iliyogongwa ikiwa baridi. Mchungaji anayekichomeka kisu kwenye boma la zizi msimu mzima, kisha akashangaa kwa nini ribiti imepasuka kichwa bila kuangushwa, amepata jibu lake. Na kwa kuwa Brasso nayo ina amonia, ndiyo maana fundi huifuta yote kwenye maungio, wala haiachi ilale humo usiku.

Adui wa tatu ni wa Geita hasa, na ndiye anayeogopesha. Huja mchimbaji kijana na kisu ambacho shaba yake, badala ya kuwa nyeusi, ni nyeupe pe, inang'aa kwa mabaka. Anafurahi; anafikiri kimepakwa fedha. Ni zebaki. Mchimbaji mdogo anapokamata dhahabu yake kwa zebaki, akaikamua kwenye kitambaa na kukwangua mabaki kwa kisu alichonacho, zebaki haichagui kati ya dhahabu na shaba. Inaishika shaba palepale, inaingia ndani, inaipa rangi ya fedha, na kuifanya iwe rahisi kukatika. Vinu vya zamani vya dhahabu duniani viliitumia tabia hiyo makusudi: mabamba ya shaba nyekundu yalipakwa zebaki na tope la mawe yaliyosagwa likapitishwa juu yake, dhahabu ikanasa. Kwenye mfuko wa suruali haina faida hiyo. Kuisugua ni kuipeleka kwenye vidole, na kuipasha moto ili itoke, kama baadhi wanavyofanya, ni kuivuta kifuani. Sumu hii ndiyo iliyofanya mataifa yakubaliane Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ukipewa jina la mji wa Japani ulioteswa nayo. Fundi wangu hajausoma mkataba. Anakitazama kisu, anakirudisha kwa mwenyewe kwa ncha za vidole, na kumwambia asimenyee tunda nacho.

Siku hizi dhahabu ina masoko yake rasmi. La Geita lilifunguliwa mwaka 2019, mizani ziko mezani na bei ubaoni. Shaba haina soko isipokuwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako bomba, kufuli bovu na kichwa cha kisu hutupwa kwenye gunia moja na kupimwa kwa kilo. Nimeona visu vizuri vikienda hivyo, mpini umevunjwa kwa nyundo ili shaba itoke. Sina la kumlaumu aliyeuza. Njaa haingojei nta ikauke. Ila nasikitika, kwa sababu kwenye gunia lile kazi yote ya mikono inahesabiwa kuwa sifuri, na kazi ya mikono ndiyo iliyofanya kile kipande kiwe kitu.

Wapo wateja wanaotaka mng'ao wa kudumu. Wanamwomba fundi apake vanishi juu ya shaba ili isifubae tena. Hakatai kwa ukali, ila anawaonyesha komeo moja la mlango alilolihifadhi kwenye kisanduku chake, lililopakwa vanishi na kiwanda. Pale vanishi ilipokwaruzika unyevu uliingia chini yake, ukatambaa, na sasa lina madoa meusi ambayo kitambaa hakiwezi kuyafikia kwa sababu yamefunikwa na kile kilichokusudiwa kuyazuia. Kwenye kisu, ambacho hukwaruzwa na funguo na sarafu kila siku, vanishi haimalizi hata mwezi. Nta huisha pia, lakini ikiisha hupakwa nyingine.

Mara ya mwisho nilipokaa pale alikuwa na kisu cha mteja kutoka Maganzo, cha mpini wa pembe, kichwa cha shaba kikiwa kimechorwa kwa msumari herufi mbili za jina la baba yake. Kazi ilikuwa imekwisha. Mwenye kisu alikipokea, akakipindua kwenye jua, akakunja uso.

"Mzee, hapa hujamaliza. Kwenye herufi bado peusi."

"Nimemaliza, baba. Huo weusi nimeuacha."

"Umeuacha kwa nini? Nimelipia king'ae chote."

"Chote king'ae, jina utalisomea wapi?" Akakichukua, akakiinamisha kidogo jua lisipige moja kwa moja. "Mzee wako hakuchora kwa kina. Nikiutoa weusi ulio ndani ya mchoro, herufi na shaba zitakuwa rangi moja. Kesho kutwa mwanao atakuuliza hiki kisu cha nani."

Mteja akatazama tena, akapitisha ukucha juu ya herufi ya kwanza, kisha ya pili. Akasema sawa, lakini kwa kuwa sehemu ile haikusuguliwa, bei nayo ipunguzwe.